Daftari la Magonjwa ya Ukoo

JUMA: Tuko hewani kutoka Mwanga, Kigoma mjini. Da Zuhura, leo umekuja na daftari.

ZUHURA: Kaunta buku la nyumbani kwetu Ujiji. Samahani kwa hilo doa la mawese, lilikuwa linakaa jikoni. Humu nimeandika ukoo mzima: nani aliugua nini, akiwa na umri gani. Soma mistari miwili ya juu.

JUMA: "Shangazi, saratani ya ovari, miaka 46. Baba, saratani ya utumbo mpana, miaka 49." Mbona hayo ni magonjwa mawili tofauti? Moja la kike, la vifuko vya mayai ya uzazi, jingine la tumbo.

ZUHURA: Ndivyo tulivyodhani. Wengine walisema tumerogwa. Baba alitoka damu haja kubwa miezi minane, akapewa dawa za amiba, baadaye akaambiwa ni bawasiri. Hakuna aliyemuuliza habari za dada yake. Naye angeanzaje kutaja maradhi ya kike ya dada yake mbele ya daktari? Mzee wa Ujiji yule! Inaniuma mpaka leo.

JUMA: Pole sana, dada. Sasa magonjwa hayo yanakutana wapi?

ZUHURA: Kwenye jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Seli ikigawanyika inanakili maelekezo yake, na katika kunakili hukosea. Kuna jeni za kusahihisha: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Ni kama fundi cherehani anayefumua mshono uliokwenda upande na kushona upya. Mtu akirithi mojawapo ikiwa mbovu, makosa yanarundikana. Hali hiyo inaitwa sindromu ya Lynch. Inapandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana, ya mji wa mimba, na ya ovari.

JUMA: Lynch ni nani?

ZUHURA: Henry Lynch, daktari wa Marekani aliyefuatilia koo za namna hii tangu miaka ya 1960. Ila aliyeanza kuona ni mshonaji nguo. Mwaka 1895, kule Michigan, dada huyo alimwambia Daktari Aldred Warthin kwamba na yeye atakufa kwa saratani, maana ndiyo iliyowamaliza wengi wa kwao. Warthin hakumpuuza. Akaandika ukoo ule, akauchapisha mwaka 1913. Mshonaji mwenyewe alikufa bado kijana, kwa saratani ya mji wa mimba. Jeni ya MSH2 ilikuja kujulikana mwaka 1993.

JUMA: Karibu miaka mia! Kwa hiyo kila mwenye saratani ya ovari ana Lynch?

ZUHURA: Hapana, mdogo wangu, tusiwatishe watu. Wengi hawana. Na kati ya waliorithi hatari ya ovari, wengi ni wa jeni za BRCA, ambazo ni habari nyingine. Kinachonishtua mimi ni saratani hizi kutokea kabla ya miaka 50, au ndugu wawili watatu wa upande mmoja, au mtu mmoja kupata mbili.

JUMA: Na wanaume?

ZUHURA: Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, wa kike na wa kiume sawasawa. Baba anaweza kumrithisha binti hatari ya ovari bila yeye kuwa na ovari.

JUMA: Mtu akigundua, afanye nini?

ZUHURA: Amweleze daktari magonjwa ya ukoo wake, aombe rufaa. Sisi huku mara nyingi ni hospitali ya Bugando, Mwanza. Kipimo kikubwa ni kolonoskopi, kamera inayopita kwenye utumbo. Wakikuta vinyama vidogo wanavikata kabla havijageuka saratani. Mwenye Lynch hurudia kila mwaka au miwili, wengi wakianzia miaka ya 20. Ovari haina kipimo cha namna hiyo cha kuaminika, kwa hiyo tumbo kujaa, kushiba upesi, kukojoa mara kwa mara, vikidumu wiki kadhaa, usikae navyo ukisema ni chango.

JUMA: Da Zuhura… bibi mzaa mama alikufa tumbo limejaa maji. Walisema chango.

ZUHURA: Alikuwa na miaka mingapi?

JUMA: Sijui. Mama mkubwa yuko Kasulu, atajua. Nampigia jioni akitoka sokoni.

ZUHURA: Muulize na wajomba zako. Chukua kalamu hii.