Alhamisi ya bao, Dortmund

Asalaam alaykum jamaa zangu wa Unguja, Pemba na bara, na nyinyi mlioko Maskati. Leo Alhamisi, saa 11 jioni, na hapa Dortmund kiza kishaingia, ndiyo Disemba ya huku. Sambusa ziko jikoni, meza nimeipangusa, na hili hapa, ngoja nisogeze kamera, mnaliona? Bao la marehemu babu. Mti wa mfenesi huu. Nililitia kwenye sanduku nikaziacha nguo nyumbani.

Saa 1 usiku wenzangu watagonga mlango. Kila Alhamisi, mwaka wa 4 sasa. Mmoja ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mjerumani, mwalimu wa hisabati. Mwengine Mganda wa Kampala, na wa tatu dada wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake kina ladha yake na mimi nakipenda sana. Wajerumani wana jina lake kabisa jambo hili, Spieleabend, yaani jioni ya michezo.

Msidhani ni mambo ya watoto. Mji wa Essen uko hapo tu, nusu saa kwa treni, na kila Oktoba tangu 1983 kuna maonesho ya michezo ya mezani. Nilikwenda. Siku 4, watu zaidi ya 200,000. Wazee wenye mvi wanatoka na mifuko mizito mikononi, kama sisi tunavyotoka Darajani mkesha wa Idi.

Mchezo wa mwanzo kunikalisha hapa ulikuwa Catan. Aliyeutunga, Klaus Teuber, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Ulitoka 1995, naye amefariki 2023. Ni kisiwa cha vipande 19 vya pembe sita. Unajenga njia na vijiji, na karibu kila mara unapungukiwa kitu: una ngano huna tofali, una mbao huna kondoo. Basi lazima useme na mwenzako. Mimi wakati ule miezi inapita sijazungumza na mtu ila kazini na dukani. Usiku ule nikajikuta nasema Kijerumani saa tatu mfululizo, nipe kondoo nikupe tofali mbili, na watu wananisikiliza, wananijibu, wananibishia. Nilirudi chumbani nikalia. Furaha ile.

Lakini kuna kitu kilinishangaza. Jirani alifungua boksi, akatoa kijitabu, akatusomea sheria mwanzo mpaka mwisho kabla mtu hajagusa hata kipande. Dakika 20. Hapo ndipo babu alinijia kichwani.

Babu alikuwa akicheza barazani baada ya laasiri. Mie mtoto wa kike, kazi yangu kupeleka kahawa na kashata, nirudi na vikombe. Basi njia ya kurudi nilikuwa naifanya ndefu. Nasimama nyuma ya watazamaji, naangalia mikono. Babu aliniona, wala hakusema kitu. Siku ya pili yake, baada ya isha, akachimba mashimo 32 kwenye mchanga uwani, akamwaga kete za komwe, akaniambia, "Kaa." Hakunisomea sheria hata moja. Anacheza, nacheza, nikikosea anaziokota kete anazirudisha pahala pake, anasubiri. Nimechukua miaka. Barazani sikukaa hata siku moja, lakini uwani nilimfunga mara 3, na tarehe zake ninazo kichwani mpaka leo.

Sasa nilipoliweka bao juu ya meza hii mara ya kwanza, jirani akauliza, "Kijitabu kiko wapi?" Hakuna. Nikaanza kueleza. Safu 4, mashimo 8 kila safu, kete 64. Kila mtu anaanza na 6 ndani ya nyumba, lile shimo lake kuu, 2 na 2 pembeni yake, 22 zimo mkononi. Unanamua, yaani unazitia ubaoni moja moja mpaka za mkononi ziishe, ndiyo mwingie mtaji, hatua ya kucheza kwa zilizo ubaoni tu. Mganda wangu akaruka: kwao wana omweso, mashimo ni hayo hayo na kete 64, lakini nyumba hawaijui, na kila mtu anazipanga kete zake zote 32 atakavyo kabla ya kuanza. Wakaulizana maswali mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nawaangalia nasema moyoni, babu ungekuwepo.

Kisha tukagombana. Jirani ametakata, yaani amecheza bila ya kula kete za mwenzake, kete yake ya mwisho imeangukia nyumbani kwake, na yeye anataka asafiri, azibebe kete za nyumba aendelee kucheza. Nikamwambia hapana, unalala, zamu yako imekwisha. Akaniuliza kwa nini. Sikuwa na jawabu! Mkono wangu unajua, mdomo haujui. Nikamtumia ami yangu ujumbe wa sauti. Kwetu ilikuwa inakaribia saa 6 usiku, keshalala. Alfajiri akajibu, sauti bado ina usingizi: "Mwanangu, ukila ukafika nyumbani, hiari yako, ulale au usafiri. Ukitakata, unalala. Mwambie huyo mzungu babu yako ndivyo alivyocheza."

Nikaiandika. Daftari hili hapa, la kijani. Tangu siku ile kila mzozo wa Alhamisi naupeleka kwa ami, jawabu likija naliandika kwa maneno yake, silirekebishi hata herufi. Jirani naye anachora mashimo pembeni kwa penseli na rula. Sasa tumefika ukurasa wa 31. Ami ana miaka 78, na wenzake aliokuwa akicheza nao barazani wamebaki wawili.

Kwa hiyo video ya leo ni ombi. Ukurasa wa 32 ni kutakasia, pale unapolifunga shimo la mwenzio asiweze kutakatia kutoka pale zamu ijayo. Ami kaeleza mara mbili, na mara mbili kaeleza tofauti kidogo, mwenyewe amesema niulize na kwengine. Basi nakuulizeni. Wewe uliye Makunduchi, Chake, Bagamoyo, Lamu, una babu au mjomba anayecheza, nenda kakae naye. Mchukulie kahawa. Muwekee kete ubaoni akuoneshe kwa mkono, usimuulize kwa mdomo peke yake, kisha rekodi unitumie, na uniambie ni wa wapi nimwandike kwa heshima yake.

Haya, mlango huo unagongwa. Kaja mapema huyu, na chungwa zake mkononi kama kawaida. Karibu, karibu ndani, vua viatu, leo tunaanza na wewe.