Nani Alisema Mvumo Ni Kelele?

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuliahidi safari ya vyombo vitano, yaani mbira ya Zimbabwe, kora ya Wamandinka wa Afrika Magharibi, begena ya Ethiopia, gamelan ya Bali na shamisen ya Japani, na mwishoni tuwape njia tatu za kuanza kusikiliza muziki wa mbali. Kaka Elia ameyapanga yote kwenye daftari lake, kama mnavyomjua. Hata hivyo naomba kwanza niseme lililotokea Jumamosi, kwa sababu bado linanikera.

ELIA: Sema, dada. Uliponipigia simu usiku ule nilijua kwamba jambo hili litafika hapa.

MWANAIDI: Nilikwenda kumsikiliza mgeni kutoka Zimbabwe anayepiga mbira, kile chombo cha ndimi za chuma zilizopangwa juu ya ubao. Nilifika mapema, wakati wanajaribu vipaza sauti. Alipopiga mara ya kwanza ukumbi ulijaa ule mvumo ambao wapenzi wa mbira wanaujua. Mara fundi mitambo akapanda jukwaani na selotepu, akasema kwamba vizibo vya soda vilivyofungwa kwenye ubao vinaharibu sauti, kisha akavifunika vyote. Onyesho zima likapigwa hivyo, na watu wakapiga makofi bila kujua kwamba nusu ya chombo ilikuwa imezibwa.

ELIA: Na mpigaji mwenyewe alikubali.

MWANAIDI: Tutafika hapo. Kwanza msikilizaji aelewe kwamba vizibo vile, ambavyo Washona huviita machachara, havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kabla ya vizibo walitumia makombe ya konokono. Mpigaji anapobonyeza ndimi za chuma, ubao hutetemeka, vizibo hutetemeka pamoja nao, na kibuyu kikubwa kinachoitwa deze, ambacho nacho huwa kimefungwa vizibo, huikuza sauti yote. Mbira mbili zikipigwa pamoja, moja ikianzisha sehemu ya kushaura na nyingine ikiingia katikati yake kwa kutsinhira, mvumo ule huziunganisha hata sikio likaanza kuokota nyimbo ambazo hakuna kidole kilichozipiga peke yake. Katika bira, ambapo familia hukesha ikiwaita mizimu ya wazee, hiyo ndiyo sauti inayotakiwa.

ELIA: Sibishani na hayo. Ninalosema ni kwamba ukumbi wa Jumamosi haukuwa bira. Watu walikata tiketi, wakakaa kwenye viti, na kipaza sauti kiliwekwa karibu sana na ubao. Mvumo unaopendeza ukiwa hatua tano kutoka kwa mpigaji unaweza kuwa mkali mno ukipita kwenye spika kubwa.

MWANAIDI: Basi kisogeze kipaza sauti, usizibe chombo. Kazi ya mitambo ni kukitumikia chombo.

ELIA: Naona tumeganda kwenye chombo cha kwanza. Twende kora, kwa sababu ina nyuzi 21, imetengenezwa kwa nusu ya kibuyu iliyowambwa ngozi ya ng'ombe, na wasikilizaji wengi wameomba tuizungumzie.

MWANAIDI: Twende, maana hata kora ilikuwa na mvumo wake. Kulikuwa na kipande cha bati chenye vipete ukingoni, kinachoitwa nyenyemo, kilichofungwa kwenye daraja, yaani kijiti kinachobeba nyuzi, ili kivume kila zinapopigwa. Siku hizi kora nyingi za jukwaani hazina tena kipande hicho, na mtu anayeijua kora kwa rekodi pekee anaweza kudhani kwamba imezaliwa na sauti laini kama ya kinubi cha Ulaya.

ELIA: Ni wapiga kora wenyewe walioiacha, dada. Hakuna aliyewalazimisha.

MWANAIDI: Na hicho kinubi cha Ulaya nacho kilivuma. Katika karne ya 15 na ya 16 vinubi vingi vya huko vilikuwa na vigingi vilivyogusa nyuzi kwa makusudi ili zitoe mlio wa kukwaruza, kisha ladha ikabadilika, vigingi vikaachwa, na baadaye sauti iliyosafishwa ikahesabiwa kuwa ndiyo sauti sahihi. Begena ya Ethiopia, ile yenye nyuzi kumi inayopigwa hasa wakati wa Kwaresima, huwekewa vipande vya ngozi kati ya nyuzi na daraja ili zivume. Wapigaji wa tanpura, chombo cha nyuzi cha India, hupitisha uzi wa pamba chini ya kila waya kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye shamisen ya Japani, yenye nyuzi tatu, uzi mnene hugusa shingo ya chombo, na Wajapani huiita sauti hiyo sawari. Tunao watu walio mbalimbali kiasi hicho, na wote waliutafuta mvumo.

ELIA: Sasa umevitaja vyombo vinne vya daftari langu kwa jambo moja tu. Imebaki gamelan, ambayo ni kundi zima la vyombo vya kugonga na haina vizibo wala ngozi kwenye daraja.

MWANAIDI: Lakini kule Bali vyombo vyake vya shaba hutengenezwa kwa jozi, kimoja kikiwa juu kidogo ya mwenzake, ili sauti mbili zikikutana zipige mawimbi, nao huyaita ombak. Fundi wetu wa Jumamosi angewaambia kwamba vyombo vyao havijalinganishwa.

ELIA: Haya, nizungumze kama Mgogo, kwa sababu ilimba, ndugu ya mbira, imo nyumbani kwetu, na kwenye tundu la ubao wake huwekwa utando wa buibui ili ivume. Marehemu Hukwe Zawose aliipeleka ilimba kwenye majukwaa ya dunia kutoka Bagamoyo, nami naisikiliza kwa fahari. Hata hivyo siwezi kumwambia kijana wa Dodoma anayetaka kuipiga pamoja na gitaa na kinanda kwamba akiutoa utando amewasaliti wazee. Thomas Mapfumo, mwanamuziki wa Zimbabwe, na wapiga gitaa wake walihamisha mapigo ya mbira kwenye nyuzi za gitaa miaka ya 1970, bila kizibo hata kimoja, na Wazimbabwe waliyatambua mara moja.

MWANAIDI: Na miaka ya 1980 Mapfumo huyo huyo aliingiza mbira zenyewe kwenye bendi. Kama gitaa lilitosha, alizitafuta za nini?

ELIA: Alichagua. Ninachotetea ni uhuru wake wa kuchagua, na mgeni wetu wa Jumamosi alikuwa na uhuru huo huo. Alisema ndiyo.

MWANAIDI: Alisema ndiyo akiwa mgeni kwenye nchi ya watu, mbele ya fundi mwenye mitambo, muda mfupi kabla ya milango kufunguliwa. Sikubali kuuita huo uhuru.

ELIA: Nami sikubali kwamba msanii mzima anahitaji wewe au mimi tumsemee. Kalimba, ndugu mdogo wa mbira aliyebuniwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey miaka ya 1950, haikuwa na machachara, lakini ndiyo iliyowafungulia mlango watu wengi wa Marekani na Ulaya, na baadhi yao wakaifuata mbira hadi Zimbabwe.

MWANAIDI: Na wengi zaidi walibaki mlangoni. Leo mtoto wa hapa Dar es Salaam ananunuliwa mtandaoni kalimba ya ndimi 17 iliyotengenezwa China, yenye sauti safi kabisa, na siku akiisikia ilimba ya babu yake anauliza kama imeharibika. Hilo ndilo linaloniuma, kaka.

ELIA: Mtoto huyo ameuliza. Mwenzake asiye na kalimba hata asingeuliza.

MWANAIDI: Hapo hatutakubaliana.

ELIA: Hatutakubaliana, na wanaotumia chumba hiki baada yetu wamefika. Zile njia tatu hatukuzigusa, na gamelan imepata sentensi moja.

MWANAIDI: Wasikilizaji, kama nyumbani kwenu kuna ilimba, zeze au nyatiti inayovuma, tuelezeni mvumo huo unatokana na nini na nani aliuweka. Kaka Elia, umelizima lile taa la kurekodi?

ELIA: Bado. Nilikuwa nataka kuongeza jambo kuhusu Mapfumo.

MWANAIDI: Utaliongeza wiki ijayo, nami nitakuwa na jibu.