Kupanga Vifaa vya Timu ya Upasuaji Inayotumwa Uwanjani

Maafande, ndugu wafamasia na wauguzi, hamjambo.

Hospitali ya ngazi ya pili ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa hutakiwa kumudu operesheni 3 hadi 4 kwa siku na kuwa na akiba ya siku 60. Nne mara 60 ni 240. Hapo ndipo wengi huchukua orodha ya zamani na kuizidisha. Nawasihi, anzeni na majeruhi.

Mchukueni askari aliyevunjwa paja na risasi. Atazuiwa damu, ataongezwa damu, atapewa nusukaputi, atasafishwa kidonda, mfupa utashikizwa kwa fremu ya nje. Kila hatua iandikieni vifaa vyake. Fremu rahisi ina pini 4, vibanio 4, fimbo 1 na ufunguo wa kukazia. Ufunguo ndio husahaulika, kwa kuwa hauishi na hivyo hauonekani kwenye hesabu ya matumizi. Ukikosekana, sanduku zima la fremu halina kazi. Glavu nazo: watu 3 wakivaa mbilimbili ni jozi 6, weka 8, maana huchanika. Kwa operesheni 240 ni jozi 1,920, kwa saizi za mikono ya timu hiyo.

Oksijeni ndiyo hupotosha hesabu kuliko vyote. Mtungi wa lita 680, ukitoa lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa dakika 68. Mashine ya kuzalisha oksijeni inasaidia, ila inakula umeme wa jenereta ileile inayoendesha friji ya damu, ambayo haitakiwi kutoka nje ya nyuzijoto 2 hadi 6.

Tena majeruhi hawaji kwa wastani. Wiki nzima kimya, kisha 10 usiku mmoja. Usiku huo seti za vyombo ndizo hukwamisha: seti huoshwa, hutakaswa, hukaushwa, hupoa. Mkiwa na seti 2 za kupasulia tumbo, majeruhi wa tatu anasubiri huku anavuja damu. Mimi ningebeba 4, nikapunguza vya wagonjwa wa nje.

Fungasheni kwa kazi. Glavu zote zikiwa lori moja, likikwama matopeni, upasuaji umesimama. Kila sanduku libebe mahitaji ya operesheni 5, liinulike kwa watu 2, na nje iandikwe tarehe ya dawa itakayowahi kuisha muda. Suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa nusukaputi, isiingie humo. Isafiri kwenye sanduku la baridi, nyuzijoto 2 hadi 8, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye anayesoma kipimajoto.