Koti la leso la kuvaa Pride

Haya, karibuni. Wa Amu, wa Malindi, na nyinyi mnaotazama kwa sauti ya chini ili aliye chumba cha pili asisikie, nyote karibuni. Cherehani iko mezani, pasi imeshika moto, leo twashona koti la kuvaa Pride, ile siku ya fahari yetu sisi wapenzi wa jinsia moja na wenzetu.

Kuna swali mnaniandikia kila msimu: mbona usinunue tu? Kweli, huku London Juni ikiingia kila duka latundika fulana za upinde wa mvua, mpaka wauza soksi. Anayetaka anunue. Mimi sizipendi. Nyingi ni polista, ukitoka jasho yakuganda mgongoni, na msimu ukipita rangi zote zinaondolewa dirishani kana kwamba hazikuwako. Halafu umefanana na watu elfu ambao hakuna anayejua pindo ni nini.

Na shughuli hii tangu hapo ni ya watu kujishonea. Ile bendera ya upinde wa mvua haikutoka kiwandani. Ni San Francisco, mwaka 1978: Gilbert Baker na wenzake wa kujitolea walitia vitambaa rangi kwa mikono yao, ndani ya mapipa ya taka, wakashona, na tarehe 25 Juni bendera zikapandishwa. Zilikuwa na rangi nane. Waridi ikatoka kwa sababu kitambaa chake kilikuwa shida kupatikana, mwaka uliofuata ikatoka feruzi ili mistari igawike sawasawa, ndipo zikabaki hizi sita. Yaani bendera yenyewe ilikatwa kwa kufuata kitambaa kilichopo. Fundi yeyote wa Langoni, kule Amu, aijua hesabu hiyo.

Kitambaa nilicho nacho mimi ni leso. Doti hii mamangu mdogo amenipa mtu aniletee. Nilimwambia ni ya sare, na ni sare kweli. Mwajua harusi za kwetu: doti ni moja, halafu kila mtu na fundi wake. Huyu ametoa dera, yule gauni la kubana, na yule mwingine, tumsitiri, hajulikani ametoa nini. Sisi Waswahili wa huku twafanya vivyo hivyo tukienda UK Black Pride, mkusanyiko wa Pride wa watu weusi ulioanza 2005 kwa safari ya basi mpaka ufukwe wa Southend-on-Sea. Leso zetu ni za aina moja, kila mtu na mshono wake. Ukipotea kwenye umati, tafuta pindo.

Sasa kazi. Leso ifue kwanza, na ifue peke yake. Mpya imejaa wanga na itaruka kidogo, tena rangi huchuja, na nyekundu ndiyo yenye fitina zaidi. Ikishakauka, lowesha kitambaa cheupe, kisugue juu ya nyekundu. Kikishika rangi, fua tena. Mkusanyiko wetu ni Agosti, na Agosti ya London mvua haina adabu, na hutaki koti likuchurizikie kwenye suruali.

Kabla ya kugusa mkasi, itandaze leso yote chini uitazame. Leso si kitambaa cha futi, ina mji, ina pindo, ina jina, na kila kimoja kina mahali pake. Kipande cha kwanza cha doti chatoa mgongo na vifua viwili, cha pili chatoa mikono. Pindo nalipeleka kwenye ncha za mikono na ukingo wa mbele, sitaki lipotee ndani ya mshono. Nimeona watu huku wanakata leso kama wanakata shuka, mkono mmoja una nusu ya ua na mwingine una herufi tatu za jina. Roho yaniuma, wallahi.

Jina liende mgongoni, kati ya mabega. Kwenye matembezi muda wote watu wako nyuma yako, na wao ndio wasomaji. Likiwa refu kuliko mgongo, ligawe mistari miwili, lakini kata baina ya maneno, usikate neno. Langu lasema: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Na msinitafutie leso yenye neno la Pride. Ya nini? Mama zetu wamejibizana na majirani kwa leso miaka yote hii bila kufungua mdomo, na aliyekusudiwa hakukosa kuelewa hata mara moja.

Mtauliza rangi sita ziko wapi. Hizi hapa, ndani. Bitana.

Ngojea nilifungue mwone. Nimenunua pamba tupu Goldhawk Road, kule kwenye maduka ya vitambaa, nusu mita kila rangi. Nimekata mapande ya sentimita 14, nikaacha sentimita moja ya mshono kila upande, kila mstari ukabaki 12. Mara sita ni 72, ndio urefu wa koti. Nyekundu juu, kisha chungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau chini. Sindano namba 12 yatosha, leso ni nyepesi. Mapande yaunge kwanza yote, yapige pasi, ndipo uyafanye kitambaa kimoja na kukata bitana kwa ule ule mfano wa koti.

Kwa nini ndani? Kwanza ni pazuri, ukiinua mikono koti lafunguka na rangi zatoka zote pamoja. Pili, treni ya usiku wa manane si mahali pa kila mtu kujua habari zako, hata huku. Wafunga vifungo, umekuwa mtu na koti lake la leso. Tatu ni nyinyi. Nyumbani Kenya, vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, viko palepale, Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa Mei 2019, kwa hiyo simwambii mtu wa Amu atoke Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na bendera mabegani ati kwa sababu mimi nimevaa London. Mimi nina pa kukimbilia. Ukishona lako, shona. Ukilipiga picha, lipige likiwa limetundikwa, uso wako usiwemo, wala mlango wa nyumba yenu. Milango ya Amu yajulikana mmoja mmoja.

Jambo la mwisho. Mwenzangu, huyu mnayemsikia akicheka nyuma ya kamera, hataki koti. Ataka kofia. Nimemwambia kwetu kofia ni ya wanaume, akanijibu nimtafutie fundi. Basi natafuta kofia ya mkono, ile ya vitobo vinavyotobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, ila badala ya uzi mweupe mtupu, safu za vitobo zifuate rangi sita. Ya mashine sitaki. Najua ya mkono ni kazi ya miezi, na bei atakayotaja fundi ndiyo nitakayolipa, simpunguzii. Uzi nitautuma mimi. Unayemjua mtu, niandikie faraghani, msitaje jina la fundi kwenye maoni. Kipimo cha kichwa ni sentimita 57, na nywele zake ni nyingi, kwa hiyo aongeze kidogo.