Mwanafunzi wa Fildi Apewe Swali, Si Kiti

Mwenyekiti, ndugu waajiri, wahandisi wenzangu na wahadhiri mliofika, habari za asubuhi. Nimepewa nusu saa na sidhani kama nitaimaliza, maana nimekuja na ombi moja tu.

Kila mwaka vyuo vikifungwa, vijana humiminika maofisini kwetu na barua mkononi, wakitafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Kwa kawaida ni kama wiki nane. Mapokezi mnayajua: anaonyeshwa kiti karibu na mashine ya fotokopi, anaambiwa aangalie wenzake wanavyofanya, wiki ya pili anatumwa vocha, na wiki ya mwisho msimamizi anagonga muhuri kwenye daftari ambalo hajawahi kulifungua. Chuo kimeridhika, ofisi imeridhika, na hakuna kilichofanyika.

Ombi langu ni hili: msipokee mwanafunzi kabla hamjawa na swali la kumpa. Liwe swali la kwenu, linalowauma kweli, dogo kiasi cha kujibika ndani ya wiki nane. Na pawepo mtu mmoja hapo ofisini anayelisubiri jibu.

Nichukue mfano wa maji, kazi ninayoifahamu. Mamlaka za maji zinahangaika na maji yanayopotea: yametiwa dawa, yamesukumwa kwa umeme wa gharama, lakini kwenye bili hayaonekani. Ukimwambia kijana achunguze upotevu wa maji mjini, umemtupa baharini. Mpe mtaa mmoja unaolishwa na bomba moja lenye mita yake. Kwanza atembee na wasoma mita, ahesabu kila nyumba iliyounganishwa, alinganishe na orodha ya wateja. Hapo tu mtashangaa. Kisha asome mita ya mtaa usiku, kati ya saa nane na saa kumi, watu wakiwa wamelala. Maji yanayoendelea kupita saa hizo, ukitoa matumizi machache ya kawaida ya usiku, kwa sehemu kubwa ni yanayovuja. Mwisho wa mwezi atakuwa na kiasi kilichoingia mtaani na kiasi kilichoandikwa kwenye bili. Katika tofauti hiyo atoe uvujaji alioukadiria usiku. Kinachobaki kitafutwe kwenye mita zilizochoka, makosa ya usomaji na maunganisho ya kificho.

Fundi mkuu akipata karatasi hiyo anajua kama aanze kuchimba au aanze kubadilisha mita. Mwenyewe hawezi kukesha mtaani, kwa sababu kila asubuhi kuna bomba limepasuka mahali. Hamkosi akili ya kufanya kazi hii, mnakosa mtu asiyekatizwa katikati, na mwanafunzi ndiye huyo. (Usiku asitumwe peke yake, tafadhali. Mpeni fundi, gari, buti na kizibao kinachoonekana gizani.)

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi waliopokezana: hawa darasani, wenzao kiwandani, kisha wanabadilishana. Kiwandani walikuwa na kazi inayosubiriwa, hawakupelekwa kutazama. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianza kufundisha kwa utaratibu wa aina hiyohiyo.

Najua mtauliza nani atalipa. Hapa Tanzania, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, ila si kila kijana anakipata. Nauli na chakula cha mchana havitawafilisi. Wenye wafanyakazi kumi na kuendelea mnalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile iliyoshushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023, na kila kikao nawasikia mkilalamika kwamba hamuoni inakokwenda. Huyu kijana mnamuona.

Gharama halisi ni muda wa msimamizi, na hapo ndipo mipango mingi inapofia. Nusu saa kila Jumatatu, bila kukosa. Wiki ya tatu swali lipunguzwe, maana karibu kila mara tunalianza likiwa kubwa mno. Wiki ya tano kijana asimame mbele ya mafundi, si mbele ya wakurugenzi, aeleze alichokipata. Mkurugenzi atampigia makofi. Fundi atamuuliza alisomaje mita ile iliyofunikwa na tope. Ripoti na takwimu zake zibaki ofisini kwenye faili linalojulikana, ili wa mwakani asianze upya. Nakala ya chuo isiwe na majina ya wateja.

Nanyi wahadhiri, msije kumkagua wiki ya mwisho wakati hakuna tena cha kurekebisha. Njooni mapema, hata kwa simu, mkajue swali lenyewe ni lipi.

Barua za mwaka huu nadhani zimeshaanza kuingia masjala. Kabla ya chai, naomba kila mwajiri aandike swali moja kwenye karatasi iliyo mezani, na chini yake jina la mtu ofisini kwake anayelisubiri jibu. Atakayeandika swali akakosa jina, mwaka huu asipokee mtu. Barua zake azipeleke kwa jirani yake aliyelipata.