Klabu za Kariakoo Hazikuanzia Uwanjani

Ndugu zangu, wanaonijua wameshakisia ninakoelekea. Kila nikialikwa kuzungumzia klabu za Kariakoo, wenyeji wangu hutarajia niwahesabie mataji ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na ya Simba, iliyozaliwa mwaka uliofuata na kupitia majina kadhaa, likiwemo Sunderland, kabla ya kupata jina la sasa mwaka 1971. Mataji hayo mnayajua kuliko mimi, na atakayekosea hesabu atasahihishwa kijiweni kabla kahawa haijapoa.

Mimi leo napitia uani. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, na ukumbi ule ulitokeza uani, kwenye jiko na mikeka. Huko ndiko akina mama walikopangia lelemama zao, wakiwa na viongozi wao, ada zao, na kanga za sare zilizonunuliwa kwa michango. Atasema mtu kwamba hiyo ni ngoma tu, si klabu. Basi anieleze: kundi lenye wanachama, ada, viongozi, sare na mtani wa jadi limepungukiwa nini, mpira?

Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza aliwauliza viongozi wa TANU: wanawake wako wapi? Aliyekabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani ni Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Bomba. Hakuhitaji kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa alijua kutokana na kundi lake mwenyewe kwamba kiongozi akiitikia, wenzake huitikia pia, na katika miezi michache wanawake waliochukua kadi walihesabika kwa maelfu. Sasa niambieni, inapoandikwa historia ya klabu za mtaa huu, Bomba hutajwa ukurasa wa ngapi?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Beni, ngoma ile ya kuiga bendi za kijeshi, nitaiacha, pamoja na Marini na Arinoti, makundi yake yaliyoshindana. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, kwa hiyo Yanga iliikuta mjini. Egyptian na Al-Watan nazo zilishindana kwa taarabu, na mashabiki wao hawakuwa wapole. Swali la kwanza naomba litoke kwa mtu ambaye bibi yake alicheza lelemama. Ya usajili wa wachezaji tutayamaliza nje.