Njiti anapokunywa kwa chupa: mlaze ubavu

Karibuni jamani. Moshi Julai hii baridi haina huruma, kwa hiyo kabla ya chupa mvalishe njiti wako, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kofia na soksi. Mtoto aliyepoa hanyonyi vizuri. Mimi natumia mdoli. Mwanangu amelala na simwamshi kwa ajili ya kamera.

Kama muuguzi alikuambia utumie kikombe, baki na kikombe. Haya ni ya walioruhusiwa chupa.

Kaa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda ili magoti yainuke. Mfunge mtoto kanga, mikono ikiwa karibu na mdomo. Sasa mlaze mapajani kwa ubavu wa kushoto, kichwa magotini, miguu tumboni kwako. Angalia hapa: sikio, bega na nyonga vimenyooka, na kichwa kiko juu kuliko makalio. Shikilia shingo na mabega. Usimsukume kisogo, atakataa.

Kwa nini si chali, kama bibi zetu walivyozoea? Njiti bado anajifunza kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu. Akiwa chali, maziwa yanamshukia kooni hata kama hajawa tayari kumeza. Akilala ubavu, yanayozidi yanamtoka shavuni, na wewe unayaona.

Gusa mdomo wa chini kwa chuchu, usubiri afungue mwenyewe. Chupa ilale, isisimame. Maziwa yajae nusu ya chuchu tu. Chuchu iwe ya tundu dogo. Wale wanaolitanua kwa sindano ya moto, tafadhali acheni!

Akivuta mara tatu hadi tano, shusha kitako cha chupa maziwa yarudi nyuma, chuchu ibaki mdomoni. Apumue. Kisha inua tena.

Tazama uso wake muda wote, simu weka mbali. Akikunja paji, akitanua vidole au pua, au maziwa yakichuruzika, mpumzishe. Midomo au ulimi ukibadilika kuwa bluu, toa chupa, mkalishe wima; asiporudi hali yake mara moja, kimbilia hospitali.

Nusu saa ikipita, acha. Amechoka, na kumlazimisha amalize ndiko kunakomfanya apaliwe.

Mcheulishe akiwa wima, halafu mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike kanga. Ila ubavu ni wa kunywea tu. Kitandani alale chali.